Mashamba Yalirudi, na Mabinti Je?





Nimeombwa niandike mafundisho ya toleo hili, nami nimechagua kitabu cha Nehemia, mlango wa tano. Nawasihi kila nyumba ifungue Biblia yake na kuusoma mlango huo wote kwa sauti, watoto wakisikiliza, kisha mrudi kwenye ukurasa huu. Mwalimu hapendi mwanafunzi anayesikiliza maelezo bila kufungua kitabu.

Mmesoma? Basi tuendelee. Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa wakijenga upya ukuta wa Yerusalemu. Maadui wa nje walikuwa wamezuiwa na kazi ilikuwa ikisonga mbele. Mara kilio kikatoka ndani, si nje. Watu wa kawaida, pamoja na wake zao, wakawalalamikia ndugu zao wenyewe. Njaa ilikuwa imeingia. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Na wengine, hili ndilo zito kuliko yote, walikuwa wakiwatoa wana wao na binti zao kuwa watumwa. Katika aya ya tano wanaeleza kwamba baadhi ya mabinti wamekwisha kuchukuliwa, nao hawana uwezo wa kuwakomboa.

Mambo haya hayako mbali nasi. Wazee wenzangu wa hapa Bombambili wanakumbuka, na vijana yafaa waambiwe.

Mwaka 1973 karo katika shule za msingi za nchi hii iliondolewa. Novemba 1974, katika kikao cha Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe wamepata nafasi ifikapo mwaka 1977, wala tusingoje mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa kwanza. Ndiyo UPE hiyo, elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yalijengwa kwa tofali za udongo na nguvu za wananchi, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Katika zahanati za serikali mgonjwa alitibiwa bila kuulizwa fedha. Hatukuwa matajiri, la hasha, lakini mtoto wa maskini na mtoto wa katibu kata walikaa dawati moja.

Kisha mambo yakaharibika. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umekwisha kututikisa. Bei ya mafuta ikapanda duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978 na 1979, na mafuta yakapanda tena. Mnakumbuka foleni za sabuni na sukari. Mwalimu Nyerere alikataa kwa miaka mingi masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akang'atuka urais Novemba 1985. Mwaka uliofuata, wakati wa Mzee Mwinyi, makubaliano yakafanyika na mpango wa kufufua uchumi ukaanza. Shilingi ikashushwa thamani, na serikali ikatakiwa kupunguza matumizi yake. Tukafundishwa neno jipya: kuchangia. Karo za sekondari zilirudi katikati ya miaka ya 1980, michango ya shule za msingi ikarudi nayo, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kulipa katika hospitali za serikali. Sisi wakulima wa mahindi wa Ruvuma tulipata na pigo la tatu, kwani ruzuku ya mbolea iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu aliyezoea kuweka mifuko miwili shambani akaweka mmoja, na mwingine hakuweka kabisa.

Siandiki haya ili niwahukumu viongozi wa wakati ule. Hazina ilikuwa tupu kweli, na mwenye chungu kitupu hawezi kupakua. Walakini hesabu inapopunguzwa juu, kuna mtu chini anayepewa kazi ya kutekeleza. Mara nyingi mtu huyo ni karani, au muuguzi, au mwalimu. Katika habari hii mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya 1990, katika shule ya msingi ambayo sitaitaja jina. Niliitunza orodha ya wasiolipa mchango. Jumatatu moja asubuhi, baada ya ukaguzi wa usafi, niliyasoma majina mstarini, nikawaambia waliosomwa warudi nyumbani na wasije mikono mitupu. Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la tano, hodari wa hesabu, aliyelelewa na bibi yake. Hakulia. Alinitazama tu, akachukua fagio lake alilokuja nalo, akaenda. Hakurudi tena. Baada ya majuma machache nilipiga mstari juu ya jina lake kwa kalamu nyekundu, nikaendelea na kazi. Jumapili nilisoma somo la kwanza kanisani kwa sauti nzuri.

Mtaniambia, "Mwalimu, ulitumwa." Ndiyo, nilitumwa. Mshahara wangu mwenyewe ulichelewa, chaki hazikuwepo, na juu yangu alikuwepo mtu aliyedai taarifa ya makusanyo. Lakini hata Pilato alikuwa na mkubwa wake, na maji aliyonawia hayakumsafisha. Mkristo haulizwi tu kama agizo lilitoka kwake. Huulizwa pia alilitekelezaje, na kama alimfuata hata mtoto mmoja hadi nyumbani kwao akaone kuna nini chunguni. Mimi sikumfuata hata mmoja.

Sasa tumtazame Nehemia. Alikuwa liwali, mtu mkubwa. Alipokisikia kilio alikasirika sana, lakini hakusema hapo hapo. Aya ya saba yaonyesha kwamba alishauriana kwanza na moyo wake. Kisha akawakemea wakuu mbele ya mkutano. Angalieni aya ya kumi: anakiri kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, nao wamewakopesha watu fedha na nafaka. Hasemi "ninyi" peke yake, bali anajitia ndani, na hapo ndipo maneno yake yanapopata nguvu. Halafu anataka mali irudishwe siku ile ile: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Wakuu wakakubali. Hakuridhika na ahadi ya mdomo, akawaita makuhani, akawaapisha.

Katika nchi yetu nako kulikuwa na kurudisha, tena Kanisa lilikuwa na mkono wake ndani. Miaka ya mwisho ya 1990 Wakristo wa nchi nyingi walisimama kudai kwamba madeni ya nchi maskini yafutwe, wakiita kazi yao Yubile 2000, kwa kufuata mwaka wa Yubile katika Walawi 25. Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mji wa Birmingham, Uingereza, walikokutana wakuu wa mataifa tajiri. Mwaka huo huo maaskofu wetu wa Kianglikana kutoka duniani kote, katika Mkutano wa Lambeth, walilijadili deni hilo na kutaka lipunguzwe. Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa madeni. Michango ya lazima ya shule za msingi ikafutwa, na mwaka 2002 mpango wa MMEM ukaanza. Mwaka 2000 walikuwepo wanafunzi kama milioni 4.4 katika shule za msingi. Mwaka 2007 walikuwa kama milioni 8.3. Mimi niliwaona wakija. Wengine walikuwa na miaka kumi na miwili, wakaandikwa darasa la kwanza, magoti yao hayakuenea chini ya dawati.

Mengine yalifuata. Vocha za mbolea zilikuja mwaka 2008, na mwaka 2022 serikali ikaanza tena ruzuku ya mbolea kwa nchi nzima. Kupitia TASAF, tangu mwaka 2012, ulianza mpango wa kunusuru kaya maskini. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hayo yote ni mambo ya kumshukuru Mungu, na asiyeshukuru hana haki ya kudai zaidi.

Lakini narudi kwenye Biblia, maana kuna jambo nililisoma miaka mingi bila kuliona. Chukueni kalamu mlinganishe aya ya tano na aya ya kumi na moja. Katika aya ya tano watu wanalia kwa ajili ya mashamba, mizabibu, na mabinti. Katika aya ya kumi na moja yanarudishwa mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, fedha, nafaka, divai, mafuta. Orodha ni ndefu na nzuri. Mabinti hawamo.

Labda walirudishwa pia, maana katika aya ya nane Nehemia anawakumbusha kazi ya kuwakomboa ndugu waliouzwa kwa mataifa. Lakini katika orodha ya kurudisha hawakuandikwa. Shamba likirudishwa ni shamba lile lile. Binti akirudishwa baada ya miaka si binti yule yule, kwa kuwa miaka yake imekwisha kuliwa.

Hili nililijua sokoni. Mama mmoja muuza dagaa wa Nyasa aliniita, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu," nisimtambue. Akatoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne, akasema, "Naomba unisomee. Mtoto wangu amechaguliwa kidato cha kwanza, na kusoma kulinitoka siku nyingi." Nilipomtazama tena machoni nilimfahamu. Mimi ndimi niliyempigia mstari mwekundu.

Nilimsomea. Ilikuwa orodha ya vitu vya kwenda navyo shuleni: sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari, rimu ya karatasi, jembe, fyekeo, godoro. Akaniuliza, "Wanasema ada hakuna. Sasa hii ni nini?" Nikamweleza kwamba ni kweli, ada hakuna, ila mahitaji haya ni ya mzazi. Akatikisa kichwa, akasema, "Kwa hiyo mlango umefunguliwa, ila ngazi ninunue mwenyewe." Sikuwa na la kujibu.

Nilimwuliza kama ananikumbuka. Akasema, "Nakukumbuka sana, Mwalimu. Siku ile bibi aliuza kuku, akapata nusu. Nilikuja nayo kesho yake, nikaogopa kuingia na nusu, nikakaa nyuma ya darasa chini ya dirisha. Mlikuwa mnafanya sehemu. Nikasikiliza mpaka kengele, nikarudi nyumbani." Mchango ulipofutwa, alikuwa tayari na mtoto mgongoni. Aliyasema haya huku akipanga dagaa wake, bila hasira, naye akataka kunipa fungu moja la bure kwa kuwa nimemsomea.

Ndugu zangu, nusu ile ya mchango ingetosha kama ningetoka nje mara moja tu nikatazama nyuma ya darasa.

Basi twafanyaje? Zakayo alipokutana na Bwana Yesu, Luka 19, hakusema tu "nimetubu". Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu. Mimi nilinunua viatu na rimu ya karatasi, lakini najua kwamba viatu vya mtoto si deni la mama yake. Kwa hiyo nimemwomba Padre chumba kidogo kilicho nyuma ya kanisa. Kila Jumatano jioni nitakuwa hapo na ubao na chaki, kwa mtu mzima yeyote ambaye kusoma kulimtoka au hakukupata, wa dhehebu lolote, Mwislamu pia. Yule mama nilimwambia. Alicheka, akasema ataona haya kukaa na madaftari na umri wake. Nikamwambia haya ni zangu, si zake. Hajasema atakuja. Nitamngoja chini ya dirisha, kama yeye alivyokaa.

Nanyi nawaomba mambo manne.

La kwanza, ninyi mnaokaa mezani ambako maskini hufika: walimu, wauguzi, makarani, watendaji wa mitaa. Wengi wenu tunashiriki mkate mmoja. Mwaka 2018 serikali ilikataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Wanafunzi wasirudishwe kwa mlango wa nyuma, kwa kuaibishwa mstarini au kunyimwa uji. Ukipewa orodha ya majina, usiisome kabla hujauliza kila jina linaishije.

La pili, wazee na wagonjwa. Tangu uchangiaji ulipoanza kulikuwa na msamaha wa kutolipa kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wasiojiweza, na sera ya wazee ya mwaka 2003 ikataja matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo waliofikisha miaka sitini. Haki iko kwenye karatasi, lakini bibi asiyejua kusoma hafiki kwenye karatasi. Vijana wetu na Umoja wa Akina Mama wamsindikize ofisi ya mtaa akaandikiwe barua, kisha wamfikishe hospitali, wangoje naye mpaka apate dawa. Kazi hii haihitaji harambee. Inahitaji asubuhi moja ya mtu.

La tatu, sisi wenye mashamba. Mbolea ya ruzuku imetusaidia, na wengine wetu tumevuna magunia mengi kuliko mwaka jana. Walawi 19 yaagiza kwamba mvunaji asimalize pembe za shamba lake, aziache kwa maskini na mgeni. Hasemi kwamba kwa kuwa mfalme ametoa ruzuku, pembe na zivunwe. Nimesikia watu wakisema, "Siku hizi serikali inatoa, sisi tumepumzika." Serikali imeondoa ada, lakini jembe, fyekeo na godoro zimebaki. Hizo ndizo pembe za shamba letu. Kabla ya Januari kila mtaa wa kanisa ujue watoto wake wangapi wanaingia kidato cha kwanza, na nani hana nini.

La nne, tusilale. Kilichorudishwa chaweza kuondolewa tena. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha ghafla misaada yake kwa nchi za nje, na watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wakiwemo wa nchi yetu, wakapatwa na hofu. Siku chache baadaye ikaruhusu baadhi ya misaada ya kuokoa maisha iendelee, lakini si yote. Nehemia aliwaapisha wakuu mbele ya makuhani kwa sababu alijua watu husahau. Tuhudhurie mikutano ya shule na ya mtaa, tuulize mapato na matumizi kwa adabu, tusikilize kilio kikiwa bado kidogo. Na tukiomba viongozi wajinyime, sisi nasi tujinyime, kama Nehemia alivyokataa chakula cha uliwali kwa miaka kumi na miwili kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Mwisho, kuna miaka ambayo hakuna serikali wala mwalimu awezaye kuirudisha. Hiyo tumkabidhi Mungu, aliyeahidi kwa kinywa cha nabii Yoeli, mlango wa pili, kuirudisha miaka iliyoliwa na nzige. Lakini tusimkabidhi Mungu yale ambayo mikono yetu yaweza kuyafanya Jumatano hii.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekisikia kilio cha watu wako Misri na Yerusalemu, utusamehe majina tuliyoyapigia mstari. Uwape viongozi wetu hekima ya kutunza kilichorudishwa na moyo wa kurudisha kilichosalia. Utupe sisi macho ya kuona walio nyuma ya darasa, na miguu ya kutoka nje kuwaita. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Bombambili